Saini Yangu Chini ya Namba Zilizobadilishwa

Siku ya kuniaga walinipa godoro, doti mbili za kitenge na cheti kilichosema nimetumikia kilimo cha pamba kwa uadilifu. Aliyekisoma alikuwa kijana aliyeletwa wilayani miezi minne kabla, hanijui, simjui. Neno "uadilifu" alilivuta kidogo, watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa. Nilikaa pale na vitenge magotini, hasira imenijaa mpaka mate yakawa machungu. Lakini si adabu kuwakasirikia watu waliokununulia godoro, kwa hiyo nilinyamaza. Sasa niko kwangu Bariadi, hakuna wa kunipigia simu kudai taarifa ya wiki, nimepata nafasi ya kusema.

Nawaandikia nyinyi maafisa ugani mnaoanza. Wilaya sitaitaja, wala mkubwa wangu wa wakati ule. Mkoa ni huu wetu wa Simiyu, na wahusika wanajijua.

Nilianzia Lalago, nikiwa nimetoka chuo na sanduku la bati na viatu visivyofaa. Mimi ni Msukuma wa Magu, nikadhani lugha haitanisumbua. Nilipofika ofisi ya kijiji nilimkuta mzee mmoja kwenye benchi, nikamwamkia kwa adabu zote. Akaniuliza bwana shamba niliyekuja naye yuko wapi.

"Ni mimi," nikamwambia.

"Nauliza bwana."

"Bwana shamba ndiye mimi, baba."

Akanitazama, akatazama viatu, akasema, "Haya. Basi kaa." Kwa miaka mingi baada ya hapo niliitwa bwana shamba na wake zao na watoto wao, na mume wangu akawa anaitwa mume wa bwana shamba. Alilizoea kabla yangu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa chuo. Alikuwa Malimi, bwana shamba aliyekuwa amebakiza misimu mitatu astaafu. Alikuwa na baiskeli, utepe wa kupimia wenye viraka vya plasta ya hospitali, na kibao cha mti chenye matundu na vijiti vya kuhesabia wadudu. Ukiona funza kwenye kitumba, unasogeza kijiti. Vijiti vikifika alama, unamwambia mkulima apulizie dawa. Kabla ya hapo humwambii kitu, maana dawa ile analipia yeye. Malimi hakukubali umuulize mkulima kama shamba lina funza. "Utaambiwa hakuna," alisema, "kwa sababu anaogopa makato ya dawa. Ingia mwenyewe." Tuliingia. Kwa mwendo wa kupinda, mche mmoja baada ya mwingine, jua likituchoma visogo, nami nikijifunza kutofautisha kitumba kilichotobolewa na kile kilichochoka tu.

Jambo jingine alilonishikisha ni daftari. Kila unachopima au kuambiwa na mkulima, kiandike kwanza kwenye daftari lako, kwa penseli. Wino ukinyeshewa unakimbia, penseli inabaki. Fomu za ofisi zije baadaye. Nilimtii hata vilipokuja vishikwambi, na vijana wa ofisini walinicheka kwamba naandika kitu kimoja mara mbili.

Nilihama kata nne. Sitawachosha. Nilipigana na watu wasiotaka kung'oa na kuchoma masalia msimu ukiisha. Nilipigana na wanaomwagia pamba maji ili ipande uzito kwenye mizani. Nilikuwa nimesimama pale karani wa mizani alipoishusha pamba safi ya mama wa watu kuwa fifi, daraja la pili lenye bei ya chini, kwa sababu tu alikuwa amemkatalia jambo. Siku hiyo nilimwaga gunia lile mbele ya watu wote, nikawaambia waoneshane ilipo fifi. Haikuonekana. Mambo kama hayo unakasirika, unalala, unaamka umesahau. Ninalotaka kuwaeleza sijalisahau, kwa sababu na mimi nimo.

Nilipofika kata yangu ya mwisho nilikutana na Nkwimba. Mumewe alihama na ng'ombe kwenda kutafuta malisho kusini, akaoa huko, hakurudi. Nkwimba akabaki na ekari nne, maksai wawili, na binti anayeitwa Limi. Alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache, na ndiye mkulima bora niliyepata kumwona mkoani. Alikuwa akiminya kitumba kwa vidole viwili anakwambia kitapasuka Jumatano. Kinapasuka Jumatano. Niliwapeleka wakulima wengine shambani kwake kujifunza kupunguzia miche, nao wanaume walikuja wakajifanya wamekuja kuangalia maksai.

Alikuwa akiniita mayu, yaani mama, kama anavyomwita mama yake mdogo. Jioni akiniona napita na pikipiki ananisimamisha kwa salamu ya Kisukuma: "Mwadila, mayu. Shuka unywe maji." Ukishuka ni maziwa.

Kisha ukaja msimu ambao bei ya pamba ilianguka, serikali ikatangaza ruzuku: kwa kila kilo mkulima atakayouza kupitia chama cha msingi, ataongezewa fedha, na fedha hiyo itatumwa moja kwa moja kwenye simu yake. Hakuna mkono wa mtu katikati. Mimi niliipenda habari ile. Nilikuwa nimeona mikono mingi sana katikati.

Kazi yangu ikawa kuandikisha. Nyumba kwa nyumba, na kishikwambi begani: jina, picha, kitambulisho, ukubwa wa shamba, namba ya simu, hali ya ndoa. Niliuliza ofisini hali ya ndoa inahusiana nini na pamba. Nikajibiwa mfumo unataka. Nikajaza. Huyu ameolewa, huyu mjane, huyu ameachwa, huyu hajaolewa. Nilijaza kwa uaminifu kabisa.

Nkwimba hakutaka kujiandikisha. Kulikuwa na mnunuzi wa pembeni anayelipa taslimu siku hiyo hiyo, na yeye alitaka ada ya Limi, ambaye alikuwa chuo cha uuguzi hapa Bariadi. Nilikaa kwake nusu siku nikimshawishi.

"Ukimuuzia yule, ruzuku huipati," nikamwambia. "Uza chamani. Fedha itaingia kwenye simu yako mwenyewe."

"Wewe unasema itaingia?"

"Nasema itaingia."

"Basi niandike, mayu." Akanitolea simu yake ndogo, nikaipiga kuhakikisha namba, ikalia mikononi mwake. Akacheka. Nikaandika kwenye daftari, kisha kwenye kishikwambi.

Wiki kadhaa baadaye gari la wilaya lilinifuata shambani kwa mtu. Dereva alikuwa na orodha ya kata yangu imechapwa, kurasa arobaini na kitu, kila ukurasa una mstari wa saini ya afisa ugani kuthibitisha kwamba taarifa ni sahihi. Alisema zinatakiwa mkoani kabla ya saa tisa na bado ana kata mbili. Hakuzima hata injini. Niliziweka juu ya boneti, lilikuwa la moto, nikasaini moja baada ya nyingine. Daftari langu lilikuwa kwenye begi, mgongoni kwangu. Sikulitoa. Hapo ndipo nilipofanya ubaya wangu, nami sitaki mtu anitafutie udhuru. Dereva alikuwa na haraka. Mimi sikuwa na haraka yoyote.

Ruzuku ilipoanza kulipwa, simu za kijijini zililia siku mbili mfululizo. Wanaume walinunua mabati, wengine pombe, wengine vyote viwili. Ya Nkwimba haikulia. Alingoja wiki tatu kabla ya kuja kwangu, simu ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isiingie vumbi.

"Mayu, nitazamie. Labda meseji imejificha."

Niliitafuta. Haikuwapo. Tukaenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sitta, ambaye alikuwa ameshapata yake. Tulikuta wanawake wengine watano wako pale kwa jambo hilo hilo. Mzee Sitta aliwasikiliza akiwa amekaa upande upande kwenye kiti.

"Wanawake na simu wapi na wapi," akasema. "Mtakuwa mmefuta meseji wenyewe. Au mmewapa watoto wachezee. Msiisumbue serikali."

Kesho yake nilikwenda wilayani. Binti wa takwimu alitafuta jina, akasema, "Mfumo unaonesha amelipwa, mama."

"Kwenye namba gani?"

Alisita, kisha akanigeuzia kompyuta. Nilitoa daftari, nikaweka kidole kwenye penseli yangu, nikatazama kioo. Namba ile haikuwa ya Nkwimba. Haikuikaribia, kwamba useme kidole kiliteleza. Nikamwomba anichapie orodha ya kata yote. Aliichapa, akaikunja, akanitilia mwenyewe begini akitazama mlangoni. "Mimi sijakupa," akasema.

Nililinganisha nyumbani, jina kwa jina. Wanawake kumi na saba walikuwa wamebadilishiwa namba, na namba zilizowekwa zilikuwa nne tu, zinajirudia. Wote kumi na saba walikuwa wajane, au walioachwa, au wasioolewa. Hakuna mwanamume hata mmoja, wala mwenye mume nyumbani. Aliyechagua alichagua watu wasio na wa kuwasemea, na hakuhitaji kuuliza mtu yeyote kijijini. Nilikuwa nimemwandikia mimi, safu ya mwisho, hali ya ndoa. Na chini ya kila ukurasa kulikuwa na saini yangu.

Nilimpelekea mkubwa wangu. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye kuagiza chai kwanza. Alisoma, akavua miwani.

"Mama, unastaafu lini?"

"Bado mwaka mmoja."

"Na mafao yako umeshaanza kufuatilia?"

Akafunua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini yake.

"Saini hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Basi tusaidiane." Akatoa barua iliyokwisha kuchapwa. Ilisema wakulima husika walitoa namba zisizo zao kutokana na uelewa mdogo wa matumizi ya simu. Ilibaki saini tu. Tazama: nilikuwa nimekuja bila miadi, na barua ilikuwa tayari mezani.

Nimetukanwa mara nyingi kazini, nimefukuzwa na mbwa, na mara moja na panga. Hakuna kilichowahi kunichoma kama maneno yale mawili, uelewa mdogo. Nkwimba alikuwa anasoma pamba kuliko mimi mwenye cheti, kuliko yeye mkubwa wangu ambaye viatu vyake havikuwahi kushika tope la mbuga. Niliirudisha ile barua kwenye meza, nikasema, "Chai yako imepoa," nikatoka. Maneno mazuri zaidi yalinijia nikiwa njiani, kama kawaida.

Wiki iliyofuata nikapewa barua nyingine: nihamie makao makuu ya wilaya, idara ya kumbukumbu. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa kabati lililopotea ufunguo. Nilikaa mbele yake siku tisa. Siku ya kumi niliomba ruhusa ya kwenda hospitali, nikaenda kwa Nkwimba.

Maksai mmoja hakuwapo. Alikuwa amemuuza ili Limi asirudishwe nyumbani kwa kukosa ada. Yule aliyebaki alikuwa amefungwa peke yake, na kila mtu huku anajua ng'ombe mmoja halimi. Nilimweleza Nkwimba yote, tangu boneti la gari mpaka barua. Alisikiliza akiendelea kuchambua mbegu kwenye ungo.

"Ulikuwa na daftari begini," akasema.

"Nilikuwa nalo."

"Hukulitoa."

"Sikulitoa."

Akamaliza ungo. "Twende mkoani," akasema. "Na wewe utakuja, afisa."

Hakuniita mayu tena.

Wanawake kumi na saba walichangishana, wengine fedha, wengine kuku, wakakodi kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo. Tulifika Bariadi asubuhi, tumebadilika rangi kwa vumbi. Askari wa geti la ofisi za mkoa aliuliza tuna miadi na nani. Nkwimba akamjibu kwa Kisukuma kwamba miadi yetu ilikuwa na simu, na simu haikuja. Askari alikuwa Msukuma, alicheka, akafungua. Tulikaa kwenye baraza mpaka saa nane. Mwishowe akatoka mama mmoja mkubwa wa ofisi ile, si mwenyeji wa huku, akauliza nani msemaji.

Nkwimba akasimama. Kiswahili anakijua, lakini alisema jambo hili atalisema kwa lugha aliyozaliwa nayo, asije akaambiwa hakuelewa. Yule mama akauliza nani atatafsiri. Wote wakanitazama mimi.

Nikatafsiri. Alivyolima, alivyouza chamani, alivyongoja, maksai aliyeuzwa. Sentensi kwa sentensi, nami nikimfuata bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Na huyu anayekutafsiria," akasema kwa Kisukuma, "ndiye aliyesaini. Alikuja kwangu akasema itaingia. Mkiwauliza wengine, muulizeni na yeye."

Yule mama mkubwa alikuwa anangoja Kiswahili chake. Wale wanawake walikuwa wanangoja kuona nitasema nini. Ningeweza kusema chochote. Nilihisi mafao yangu, nyumba yangu isiyopigwa lipu, miaka yangu yote, vimekaa juu ya ulimi.

"Anasema kwamba mimi ninayetafsiri ndiye niliyesaini orodha," nikasema. "Anasema mniulize na mimi. Ni kweli. Nilisaini bila kusoma, na daftari lenye namba sahihi nilikuwa nalo. Hili hapa."

Yule mama alilichukua daftari, akalifungua, akakaa nalo kwenye kiti cha askari akalisoma muda mrefu. Naweza kuwalaani wengi katika habari hii. Yeye simlaani.

Walikuja wachunguzi. Zile namba nne zilikuwa za mwenye duka moja la simu pale wilayani na za shemeji wa mkubwa wangu. Wanawake walilipwa, wote kumi na saba, lakini walilipwa mvua zimeshanyesha na watu wameshapanda. Msimu ule Nkwimba alilima ekari moja kwa jembe la mkono. Moja kati ya nne. Fedha ilipoingia, maksai walikuwa wamepanda bei, akapata ndama.

Mkubwa wangu alihamishwa. Hiyo ndiyo adhabu aliyopata: alipewa gari kubeba vyombo vyake, akapelekwa kwenye wilaya nyingine, kwa wakulima wengine. Mimi nikapewa onyo la maandishi kwa uzembe, na lilinistahili. Lipo kwenye faili langu hadi leo. Yule kijana wa cheti hakulisoma. Nikarudishwa kwenye kata yangu kwa sababu hakuna aliyetaka kwenda.

Msimu uliofuata orodha ikaja tena, na gari, na dereva mwingine mwenye haraka ile ile. Ilikuwa imebaki miezi mitatu nistaafu. Nilimwambia azime injini.

"Mama, zinatakiwa saa tisa."

"Zitatakiwa."

Nikawaita wakulima kwenye uwanja wa ghala la chama. Nilisema kila mtu aje na simu yake, nitasoma jina na namba, na mwenye namba aseme ndiyo au siyo. Wale kumi na saba walikuja mapema, wakakaa pamoja upande mmoja kwenye magunia matupu, wakiongea wao kwa wao. Wanaume wengi walibaki wamesimama, wengine wakinung'unika kwamba wanapotezewa siku kwa ajili ya mambo ya wanawake. Mzee Sitta aliletewa kiti. Alisema yeye amekuja kama mwenyekiti tu, kusimamia utulivu.

Nilisoma kwa sauti. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilipofika kwa Nkwimba, aliitazama simu yake kama vile inaweza kumgeuka, akasema ndiyo. Dereva alikwenda kulala garini. Nikafika ukurasa wa ishirini na tisa, nikasoma jina la Mzee Sitta na namba.

Hakujibu. Nikadhani hakusikia, nikasoma tena.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, tarakimu moja moja. Akatoa simu mfukoni, akampa jirani yake aiangalie. Jirani akatikisa kichwa.

"Siyo," akasema Mzee Sitta. Sauti ilikuwa imepungua. "Hiyo siyo yangu."

Mkubwa wangu hakuwapo tena wilayani. Duka la yule wa simu lilikuwa limefungwa. Na bado namba imebadilishwa, na safari hii mtu amejiamini mpaka amemgusa mwenyekiti. Nilivuta mstari kwa penseli chini ya jina lake. Ukurasa ule sikuusaini, wala zilizofuata. Hadi naondoka kazini ulikuwa bado hauna saini yangu.

Mzee Sitta alikuwa amesimama katikati ya uwanja, simu mkononi, hajui arudi kwenye kiti au aondoke. Hakuna aliyemcheka. Nkwimba akawagusa mabega wale waliokaa naye.

"Sogeeni," akawaambia. "Mzee apate pa kukaa."

Wakasogea. Akaja akakaa kwenye gunia, nami nikasoma jina lililofuata.